Kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji wa mgongo: uchague dawa zipi?

Swali: "Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa pili wa masomo ya usingizi. Wiki ijayo tuna binti wa miaka 14, kilo 42, mgongo wake umepinda upande na atawekewa skrubu na fimbo za chuma. Hospitalini kwetu hakuna mashine ya kupima mawimbi ya umeme ya ugwe mgongo, kwa hiyo mpasuaji ameomba tumwamshe katikati ya kazi aone kama miguu inacheza. Kabatini nina propofoli, ketamini, fentanili, midazolamu, aisoflureni, halotheni, vekuroniamu na neostigmini. Pampu za sindano ni mbili. Kila ninachosoma kinataja remifentanili, nasi hatuna. Nichague nini? Na je, binti mwenyewe aambiwe kwamba ataamshwa?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo halihitaji hata kufikiri. Aambiwe. Aambiwe jana yake, kitandani kwake, mama yake akiwepo, na afanye mazoezi. Nitalirudia hapo chini, kwa sababu hakuna dawa itakayokusaidia kama binti anaamka hajui yuko wapi na nani anamshika.

Sasa dawa. Naona umeuliza kama wengi wanavyouliza: dawa ipi nzuri. Kwenye kazi nyingine zote swali hilo linatosha, kwa sababu mgonjwa anaamka kazi ikiisha, na akichelewa dakika ishirini hakuna anayelia ila yule anayesubiri chumba. Hapa mambo ni tofauti. Unamlaza mtu kwa saa tatu au nne huku misuli ya mgongo imefunuliwa, kisha unatakiwa umlete juu akusikie, akuelewe, akutii, asipige kelele wala kurusha mikono, halafu umrudishe chini ndani ya sekunde. Kwa hiyo kila dawa unayoishika mkononi iulize swali moja tu: wewe unaondoka lini? Inavyolaza ni jambo la pili.

Kidogo kuhusu asili ya jambo lenyewe, ili ujue mpasuaji wako haombi kitu cha ajabu. Fimbo za Paul Harrington wa Texas zilipoenea miaka ya 1960, migongo iliyopinda ilianza kunyooshwa kwa nguvu ambayo haijawahi kutumika kabla. Wagonjwa wachache waliamka wamepooza miguu. Uchungu wa jambo lile ulikuwa kwamba ukigundua jioni, chuma kimeshakaa masaa, na ugwe mgongo uliovutwa au kukosa damu kwa muda huo haurudi kirahisi. Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa, Vauzelle, Stagnara na Jouvinroux, wakachapisha njia nyepesi: usisubiri mwisho, mwamshe sasa hivi, chuma kikiwa ndiyo kwanza kimekazwa, na akishindwa kuchezesha miguu kilegezwe palepale. Mpaka leo jaribio hilo linaitwa kwa jina la Stagnara. Hata wenye mashine za mawimbi bado wanalikimbilia pale mawimbi yanapopotea na hayarudi.

Wakati ule hawakuwa na remifentanili, wala propofoli. Waliwalaza watu kwa gesi ya naitrasi oksaidi na dawa za jamii ya mofini, na bado wakawaamsha. Kwa hiyo usijione maskini sana.

Hata hivyo nikueleze kwa nini wote wanaitaja remifentanili, dawa ya maumivu ya jamii hiyo ya mofini, kwa sababu ukielewa hilo utajua namna ya kuzitumia hizo ulizo nazo. Dawa ukiidunga mara moja, damu inaisambaza, ubongo unaipata, halafu inahamia kwenye misuli na mafuta, mgonjwa anaamka. Lakini ukiitia kwa pampu saa nne, misuli na mafuta vinajaa kama kanga iliyoloweshwa kwenye beseni. Siku unapozima pampu, kanga ile inaanza kuchuruzika: dawa inarudi kwenye damu, na mgonjwa wako anaendelea kulala kwa dawa ambayo wewe ulishaacha kumpa. Muda unaohitajika ili kiwango kwenye damu kishuke nusu baada ya kuzima pampu hautegemei dawa peke yake, unategemea pia umeiendesha muda gani. Remifentanili ndiyo isiyojali. Inavunjwavunjwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye damu na tishu zenyewe, haisubiri ini wala figo, na nusu yake hushuka kwa dakika tatu hadi nne hata kama umeiendesha kutwa nzima. Propofoli nayo ni mwungwana: hata ukiiendesha kwa muda wa saa nane, nusu hushuka chini ya dakika 40, na mara nyingi mgonjwa hahitaji kushuka nusu ndipo afumbue macho.

Fentanili, nayo ya jamii ya mofini, ndiyo yenye matatizo. Dozi mbili tatu ndogo hazina shida, inaondoka kama mgeni mwenye adabu. Ukiiweka kwenye pampu au ukairudia kila baada ya nusu saa, baada ya saa chache muda wake wa kushuka unahesabika kwa masaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fentanili ukimpa jembe haendi shamba, analala palepale.

Hili nalijua kwa kuungua. Mwanzoni mwa kazi yangu, katika hospitali nisiyoitaja, nilimlaza kijana mwenye kibiongo cha kifua kikuu cha mgongo, na kwa sababu moyo wake ulikuwa unapanda kila mpasuaji akigusa mfupa, nilikuwa naongeza fentanili. Maikrogramu 50 hapa, 50 pale, bila kujumlisha. Mpasuaji akasema, "Daktari, mwamshe." Nikazima kila kitu. Tukasimama. Mpasuaji amekunja mikono kifuani chini ya kitambaa safi, nesi anatazama saa ya ukutani, mimi naita jina la kijana kwa sauti inayozidi kupanda. Zilipita dakika arobaini na kidogo. Macho yake yalikuwa na mboni kama ncha ya sindano, na hakuwa anapumua mwenyewe. Jibu lilikuwa usoni kwake wakati wote, mimi nilikuwa natazama saa.

Basi tupange kabati lako.

Halotheni iache kabatini, usiitoe hata kwa kuangalia. Inayeyuka kwenye damu kuliko wenzake: namba yake ya kuyeyuka kwenye damu ni 2.4, aisoflureni 1.4, sevoflureni 0.65, desflureni 0.42. Namba ikiwa kubwa, gesi inatoka mwilini polepole. Ila sababu kubwa zaidi kwangu ni nyingine. Mpasuaji wako atadunga adrenalini kwenye ngozi na misuli ili damu isivuje sana, na halotheni pamoja na adrenalini huufanya moyo uruke mapigo vibaya. Mgonjwa amelala kifudifudi na mgongo wazi. Usijitafutie.

Midazolamu pia sitaki uitegemee. Wapo wanaoipenda kwa sababu inafuta kumbukumbu, na hoja yao naiheshimu. Lakini binti wa kilo 42 ukimpa miligramu 3 kumtuliza kabla ya kuingia, halafu ukamwongeza nyingine njiani, utaamsha mtu anayekutazama bila kukuelewa. Kama ana hofu sana, miligramu 1 asubuhi, basi. Siku hiyo mazungumzo ya jana yake yanatuliza kuliko sindano.

Ketamini nakushauri uitumie, lakini kwa kiasi cha chumvi kwenye mboga. Ukimlaza nayo kama dawa kuu, ataamka anaona mambo asiyoyaona mwingine na atapigana nawe, na mtu anayepigana akiwa kifudifudi na mpira wa kupumulia kooni ni msiba. Lakini miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kilo kwa saa, yaani kwa binti wako miligramu 4 hadi 8 kwa saa, inakupunguzia fentanili kwa kiasi kikubwa na haimfungi akili. Izime saa nzima kabla ya kumwamsha.

Aisoflureni inafaa kwa nusu ya kwanza ya kazi, wakati mpasuaji anachana, anatenga misuli na kuweka skrubu. Nusu ya pili, kuanzia kama dakika 40 kabla ya jaribio, mimi huihamisha kazi kwa propofoli. Hapo ndipo penye ufundi, na ndipo wengi wanapokosea: wanaendesha aisoflureni mpaka mpasuaji aseme "sasa", kisha wanaifunga na kusubiri. Gesi inatoka kwa pumzi tu, na mtu anayepumuliwa taratibu anaitoa taratibu. Funga kifaa kinachotoa aisoflureni mapema, fungua oksijeni na hewa hadi lita 6 au 8 kwa dakika ili gesi ya zamani isizunguke tena kwenye mashine, na wakati huohuo pampu ya propofoli ichukue nafasi. Kama mashine yenu inasoma gesi inayotoka kwa mgonjwa, usimtegemee aamke mpaka aisoflureni ishuke chini ya asilimia 0.3. Mtu mzima huanza kutii amri karibu na 0.4, lakini hapo ana dawa nyingine pia.

Usijaribu kuiharakisha kwa kumpumulisha haraka haraka. Kaboni dayoksaidi ikishuka sana, mishipa ya damu inayolisha ugwe mgongo nayo inajikunja, na hamu ya kupumua mwenyewe inakufa. Unamtafutia balaa lilelile unalolipima.

Nikuandikie kwa uzito wa binti wako, ili tusibaki hewani.

Kumlaza: propofoli miligramu 2 kwa kilo, polepole, fentanili maikrogramu 2 kwa kilo, kwake ni kama 80, vekuroniamu, ya kulegeza misuli, miligramu 4 kwa ajili ya mpira wa kupumulia. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kwenye mshipa mara tu amelala. Mwombe mpasuaji adunge lidokeini yenye adrenalini kwenye ngozi na misuli kabla ya kuchana, isizidi miligramu 7 kwa kilo, na dawa ibaki juujuu. Hapo kwenye ganzi sisitiza: wasiingize bupivakeini wala lidokeini yoyote ndani ya mfereji wa uti wa mgongo kabla ya jaribio. Miguu iliyokufa ganzi haitacheza, na hutajua ni ganzi au ni chuma. Mofini kidogo ndani ya maji ya uti ni jambo jingine, haizuii miguu kucheza, lakini kwa mara yako ya kwanza na wodi isiyo na mtu wa kumwangalia usiku kucha, iache.

Kumwendesha: aisoflureni kati ya asilimia 0.7 na 0.9, ketamini kama nilivyosema, na fentanili dozi ndogo za maikrogramu 40 inapohitajika katika saa ya kwanza na ya pili. Andika kila dozi na ujumlishe. Mimi sipendi jumla, pamoja na ile ya mwanzo, izidi maikrogramu 5 kwa kilo kabla ya jaribio. Kwake ni 210. Ya mwisho iwe saa moja kabla. Moyo ukipanda baada ya hapo, ongeza propofoli au uliza kama mpasuaji anaweza kuongeza ganzi kwenye misuli. Usiinyooshee mkono fentanili.

Dakika 40 kabla: aisoflureni ifungwe, propofoli ianze miligramu 6 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 25 kwa saa za ile ya asilimia moja. Shinikizo la damu lipandishe sasa, si baadaye. Kabla chuma hakijageuzwa nataka shinikizo la wastani liwe 75 au 80, maana ugwe unaovutwa unahitaji damu ya kutosha. Wakati wa kuchana mpasuaji atakuomba ulishushe ili asivuje. Mkubalie kwa kiasi, lakini zamu hii ni yako.

Mpasuaji akianza kukaza skrubu za mwisho, zima propofoli. Siyo akimaliza, akianza. Ukifanya hivyo, mara nyingi atafumbua macho ndani ya dakika 10 hadi 20. Wenye remifentanili wanapata chini ya hapo, na mimi sitakudanganya kwamba njia yetu ni sawa na yao. Sisi tunalipia kwa mipango kile ambacho wao wanalipia kwa pesa.

Kuna dawa ambayo bado hatujaizungumzia sawasawa, nayo huharibu majaribio mengi: hiyo ya kulegeza misuli. Dozi ya mwanzo ya vekuroniamu itakuwa imepungua sana kufikia wakati wa kuweka skrubu, na usiiongeze katika saa ya mwisho kabla ya jaribio. Mpasuaji atalalamika kwamba misuli imekaza. Mweleze kwamba alichoomba yeye mwenyewe ni miguu inayocheza. Kama una kifaa cha kuchochea mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, kinachotuma mipigo minne mfululizo, hakikisha unaona mitikisiko yote minne ya kidole gumba kabla ya kuzima propofoli. Ikiwa ni miwili au mitatu, mpe neostigmini, inayoondoa ulegevu huo, miligramu 2 pamoja na atropini miligramu 0.8 ili mapigo ya moyo yasishuke, na umpe dakika kumi za kufanya kazi. Ikiwa hakuna hata mmoja, usimpe neostigmini, haitashinda, subiri. Wenye rokuroniamu na sugamadeksi wanaondoa ulegevu kwa dakika mbili tatu, siku mtakapopata mtaona raha yake.

Kwa nini nakazania hivi? Fikiria mtu aliyeamka akili yote ipo, anasikia unaita jina lake, anajaribu kukaza mkono na mkono hauendi. Hiyo ni hali mbaya kuliko maumivu, na juu yake unamwambia mpasuaji kwamba miguu haichezi. Anaweza kulegeza chuma kizuri kwa sababu ya dawa yako.

Sasa jaribio lenyewe. Mtu mmoja ashike kichwa na mpira wa kupumulia, asiachie hata akiitwa na nani. Mwingine ashike mikono. Mwingine afunue miguu na kuikodolea macho, kazi yake ni hiyo tu. Mwambie mpasuaji aujaze mgongo maji ya chumvi au auzibe kwa vitambaa vilivyolowa: mtu anayeamka huvuta pumzi kubwa, na mishipa ya damu iliyo wazi juu ya usawa wa moyo inaweza kunyonya hewa. Hilo ni la hatari kuliko mgonjwa kujing'oa dripu. Propofoli miligramu 40 iwe kwenye sindano, imeshaunganishwa kwenye dripu, kidole chako kiko juu yake.

Mwite kwa jina. Hapa nirudi kwenye lile nililokuahidi. Jana yake kaa naye umuulize nyumbani anaitwaje, maana jina la kwenye faili mara nyingi ni la shule. Muulize analala na kuota kwa lugha gani. Nimewahi kumwita msichana kwa Kiswahili kizuri cha redioni, "sogeza vidole vya miguu," nikaita mara nne, akabaki kimya. Nesi aliyekuwa anahesabu vitambaa akamwita kwa jina la utotoni na kumwambia jambo hilohilo kwa lugha ya kwao, na miguu yote miwili ikacheza palepale. Mtu anayetoka usingizini anarudi kwanza kwenye lugha ya mama yake. Siku hizi najifunza maneno mawili, kaza na legeza, kwa lugha ya kila mgonjwa wa namna hii, au namtafuta nesi anayeijua.

Jana yake pia fanya naye mazoezi yaleyale. Mshike mikono, mwambie akaze, kisha alegeze. Kisha vidole vya miguu, juu na chini. Mweleze kwamba kesho atasikia sauti yako, atakuwa na kitu kooni kwa hiyo hataweza kusema, hatakuwa peke yake, itachukua muda mfupi na atalala tena. Mwambie huenda akakumbuka na huenda asikumbuke. Wanaokumbuka na walikuwa wameandaliwa huwa wanasimulia kama jambo la kawaida. Asiyeambiwa ndiye anayebaki na ndoto mbaya.

Mikono ndiyo ya kwanza, kila mara. "Kaza mikono yangu." Akikaza, mwambie alegeze. Sharti alegeze, kwa sababu hata mtoto mchanga hukamata kidole ukikiweka kiganjani. Kulegeza kwa kuambiwa ndiko kunakokuthibitishia kwamba anakusikia. Akishatii mikono, ndipo useme miguu. Mikono ikitii na miguu yote miwili ikacheza, sukuma propofoli, mshukuru kwa sauti hata kama unadhani hasikii tena, urudishe aisoflureni, mpe fentanili sasa kwa raha zako.

Mikono isipotii, usimguse mpasuaji kwa neno lolote kuhusu miguu. Hilo ni tatizo lako, si lake. Angalia mitikisiko minne. Angalia gesi inayotoka. Angalia kaboni dayoksaidi, joto la mwili, sukari. Mtu aliyepoa hadi nyuzi 34 anaamka kwa kusuasua, ndiyo maana blanketi la joto na maji ya dripu yaliyopashwa joto ni sehemu ya uchaguzi wako wa dawa, ingawa hakuna anayeyaandika kwenye orodha hiyo. Mboni zikiwa ndogo sana na hapumui, ni fentanili. Chukua naloksoni, dawa inayopinga fentanili, maikrogramu 400, ichanganye hadi mililita 10, mpe mililita moja moja ukisubiri dakika mbili. Usimpe yote kwa mpigo. Maumivu yote ya mgongo uliochanwa yatarudi kwa sekunde moja, shinikizo litapaa, atarukaruka, na wapo waliojaa maji mapafuni kwa sababu hiyo.

Mikono ikitii na miguu ikakataa, au mguu mmoja ukacheza na mwingine ukabaki, sema papo hapo na kwa sauti ya kusikika. Mwambie binti achezeshe tena mara mbili tatu wakati mpasuaji anajiandaa, kisha mlaze. Pandisha shinikizo la wastani hadi 85 au zaidi, ongeza oksijeni, pima damu na umwongeze ikiwa imeshuka. Mpasuaji atalegeza chuma, na mtamwamsha tena. Mara ya pili huwa rahisi, kwa sababu kanga imeshakamuliwa.

Jaribio likipita vizuri usijione umemaliza. Linakuambia hali ya ugwe kwa dakika ile tu. Mishipa ya damu iliyobanwa huweza kuchelewa kuonyesha madhara, kwa hiyo miguu ipimwe tena kazi ikiisha kabla hujatoa mpira, na wodini kila saa usiku wa kwanza. Pia linapima nguvu, halipimi hisia.

Na kama siku moja mtaletewa mtoto wa miaka mitatu, au mgonjwa kiziwi asiye na mtu wa ishara, au mwenye ulemavu wa akili ambaye hawezi kutii amri, kuna jambo dogo la kukusaidia. Mtu anapotoka usingizini, kabla hajapata akili zake, ukisukuma unyayo wake juu kwa ghafla, kifundo hutetemeka mara kadhaa, miguu yote miwili, kisha hupotea akishaamka sawasawa. Mtetemeko huo kwa wakati huo ni habari njema. Usipouona kabisa, shtuka. Dirisha lake ni fupi sana, kwa hiyo anza kusukuma unyayo mapema na urudierudie.

Andika ratiba yako kwa dakika, kuanzia saa ya kuingia hadi ya kuzima propofoli, halafu kaeni na mpasuaji muipitie siku moja kabla, kwa sababu saa yake ndiyo itakayoendesha yako. Nitumie kabla ya kazi, pamoja na kiwango chake cha damu na kama mashine yenu inasoma gesi inayotoka. Ikiwa haisomi, tutafunga aisoflureni mapema zaidi ya hizo dakika 40.